Siku tisa za kuimba na kunyamaza, Iringa mpaka Tukuyu

Siku ya 1. Dar kwenda Iringa

Basi limetoka Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, mimi siti ya dirishani na skafu shingoni ingawa Dar ilikua bado ina fukuto, abiria wananiangalia lakini ndo hivyo, mwimbaji wa opera anayezunguka shingo yake ndo duka lake, ukiianika kwenye upepo wa dirisha masaa kumi unafika hauna cha kuuza. Miaka sita sasa naishi hivi, sanduku moja, leo mji huu wa Ujerumani wiki tatu, kesho mwingine, naimba kama mgeni mwalikwa, mchezo ukiisha nafunga sanduku. Safari hii nimejipangia mwenyewe: Iringa, Mbeya, alafu nyumbani Tukuyu kwa Bibi. Bibi hajawahi kunisikia naimba kazi yangu. Amenisikia nikiwa mtoto kwenye kwaya ya watoto, basi.

Jirani yangu kwenye siti ni mama mmoja anafanya biashara ya vitunguu, anarudi Ilula. Tumeanza kuongea Mikumi baada ya kuona twiga. Kaniuliza huko Ulaya nafanya nini, nikamwambia naimba. Injili? Hapana mama, opera. Nikamwelezea kwamba ni mchezo wa kuigiza ila watu hawaongei, wanaimba, tena bila maiki, na mbele yao kuna okestra ya watu hamsini, sitini wanapiga. Akasema, "Bila maiki? Basi mwanangu mnapayuka."

Swali zuri sana hili na watu wengi wanalo kichwani hawalisemi. Hapana, hatupayuki, ukipayuka nusu saa sauti imekwisha. Sikio la mtu linasikia vizuri zaidi sauti za mitetemo kama elfu tatu kwa sekunde hivi, na okestra nguvu yake kubwa iko chini ya hapo, kwaiyo mwimbaji anafundishwa miaka na miaka kuupeleka mng'ao wa sauti yake palepale, anapita katikati ya vyombo kama sindano inavyopita kwenye kitambaa. Mama alinisikiliza kwa heshima ila niliona haijamuingia. Tukafika Ilula. Basi limesimama, injini inanguruma, wauzaji wamelizunguka, na katikati ya kelele zote zile kuna binti mmoja yuko nyuma kabisa anaita "nyanya, vitunguu" na ndo yeye peke yake aliyesikika ndani ya basi, wala hakua anapiga kelele kuliko wenzake. Nikamshika mama mkono nikamwambia ndo hiyo, ndo hiyohiyo. Akacheka akasema, "Uyo namjua, uyo anauza kuliko wote." Akashuka.

Kabla ya hapo tulipanda Kitonga. Malori yanapanda kama yanasali, na huku chini korongo limejaa miti. Masikio yakaziba, nikameza mate yakazibuka, na nilipovuta pumzi nikasikia ule ubaridi mkavu ninaoujua tangu utotoni, nikajua hapa lazima niwe makini.

Siku ya 2. Iringa

Asubuhi nimepanda Gangilonga. Jina lenyewe kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na ukikaa juu yake unauona mji wote umelala kwenye mgongo wa kilima. Watu wanasema Mkwawa, yule chifu wa Wahehe, alikua anakuja hapa. Mimi kila nikifika Iringa namuwaza sana Mkwawa kwa sababu yangu mwenyewe: 1891 Wahehe waliwapiga Wajerumani pale Lugalo, na mwaka huohuo 1891 wamisionari wa Moravian kutoka Ujerumani walifika Rungwe kwetu na vitabu vyao vya nyimbo. Yaani huku risasi, kule nyimbo, na mimi ni mtoto wa zile nyimbo. Bibi alizijua, mama akazijua, mimi nikazijua kabla sijajua kusoma. Leo nakula mkate wa Kijerumani kwa kuimba, wakati fuvu la Mkwawa lilikaa huko mpaka liliporudishwa Kalenga mwaka 1954. Mambo haya mawili nayabeba pamoja na sijawahi kuyapatanisha. Nilikaa pale juu mpaka jua likawa kali.

Jioni mazoezi na kwaya moja ya vijana. Aisee hawa watoto! Wanasoma nota kwa solfa, d r m f s, wanashika sauti nne ndani ya dakika ishirini, mwalimu wao anawapa mlio kwa mdomo tu na wanasimama nao. Waliniimbia Haleluya Kuu. Niliwauliza nani anamjua mtunzi, mmoja akasema Handel, vizuri. Nikawaambia uyo Handel kazi yake kubwa London ilikua opera, alitunga zaidi ya arobaini, ndo baadae akageukia kazi kama hii Haleluya ilimotoka, ambayo iliimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Wakashangaa. Kwaiyo msione opera ni kitu cha mbali, mmeshakula chakula cha mpishi yuleyule.

Binti mmoja wa sauti ya pili alinifuata mwisho akaniuliza kwa sauti ndogo kama mtu anaweza kuishi kwa kuimba sauti ya pili. Sauti ya pili! Na mimi ndo sauti yangu, huko wanaiita mezo-soprano. Nilimwambia ukweli wote, kwamba ndio inawezekana, na kwamba sisi wa sauti ya pili kwenye opera tunapewa akina mama, wachawi, vijakazi na wanaume vijana, na wakati mwingine tunapewa mhusika mkuu ambaye watu hawamsahau. Na nikamwambia na upande mwingine: mgeni mwalikwa analipwa kwa kila onyesho alilosimama jukwaani. Ukiugua, hujaimba, haulipwi. Hiyo nayo nilitaka aijue leo.

Siku ya 3. Bado Iringa

Onyesho. Kanisa limejaa, fundi mitambo kanifuata mara tatu na maiki, kwa upendo kabisa, anaogopa nitaaibika. Nimemwomba azime spika zote. Kimya kilichofuata kilikua kigeni hata kwa watu wenyewe, maana siku hizi hakuna ibada, harusi wala msiba usio na spika.

Wimbo wangu mkubwa wa safari hii ni wa Orfeo, ile opera ya mtunzi Gluck iliyochezwa kwanza Vienna mwaka 1762. Ni mwanaume yule lakini leo mara nyingi tunaimba sisi wanawake wa mezo. Niliwasimulia kwanza kwa Kiswahili. Mke wa Orfeo amekufa. Orfeo anamfuata kuzimu, wanamkubalia amrudishe, ila sharti asimtazame njiani, na asimwambie kwanini hamtazami. Mke anamfuata nyuma analia, mbona hunitazami, umeacha kunipenda? Orfeo ananyamaza, ananyamaza, mpaka anashindwa anageuka, na mke anakufa mara ya pili palepale. Hapo ndo anaimba, nitafanya nini bila yeye. Na ajabu, muziki wake hauko kwenye ufunguo wa huzuni, uko kwenye meja, wazi kama asubuhi. Gluck mwenyewe mwishoni anamwacha mungu wa upendo amrudishe mke, ila mimi pale naishia kwenye kilio.

Waliimba na mimi bila kuambiwa, marudio ya tatu wale sauti ya nne walishaokota besi wakawa wanaguna chini kwa chini. Ulaya hilo haliwezi kutokea, na nilipata shida kidogo kumalizia mstari kwa sababu koo lilikua limenijaa.

Siku ya 4. Iringa kwenda Mbeya

Mafinga, misonobari ya Sao Hill pande zote, harufu nzuri. Makambako tumesimama gari ikawa na tatizo la tairi, masaa mawili nje kwenye upepo. Anayeijua Makambako ya Julai anajua ule upepo, unabeba vumbi na baridi kwa pamoja na haupumziki. Nimeongea sana pale na abiria, nimecheka, nimenunua viazi vya kuchemsha. Skafu nilikua nimemfunika mtoto wa mtu.

Usiku Mbeya nikasikia kama mchanga kooni.

Siku ya 5. Mbeya

Nimeamka nikataka kusema "karibu" kwa aliyegonga mlango, hakuna kitu kilichotoka. Hewa tu.

Mtu asiyeishi kwa sauti hawezi kujua ile hofu, ni kama fundi seremala ameamka akakuta mikono haikunji. Daktari alipitisha kamera ndogo akaniangalia, akasema nyuzi za sauti zimevimba, hazijajeruhiwa, ila siku tatu nzima nisiongee. Na nisinong'one pia, maana kunong'ona kunazikaza nyuzi vibaya. Nisigune, nisikohoe kwa makusudi. Jumapili, siku ya nne kutoka leo, ndo nilitakiwa kuimba kijijini.

Mama mdogo ninayefikia kwake hapa karibu na Soko Matola akaleta tangawizi, limao, asali, na mayai mabichi. Nimekunywa chai yote kwa sababu imetoka mkononi mwake na inafariji, ila kwa wanaoimba wenzangu naomba mjue, unachokunywa hakigusi nyuzi za sauti, kinapita njia ya chakula, na nyuzi ziko njia ya hewa. Kinachozifikia moja kwa moja ni mvuke. Kwaiyo beseni, maji ya moto, kanga kichwani, kujifukiza asubuhi na jioni, alafu maji ya kunywa mengi ambayo mwili unayagawa wenyewe taratibu.

Huko Ulaya nimewahi kunyamaza hivi mara nyingi. Chumba cha kupanga, simu imezimwa, siku mbili sisemi neno kabla ya onyesho kubwa, na hakuna anayejua. Jirani anapita kwenye ngazi anatikisa kichwa, yameisha. Kunyamaza kule ni upweke lakini hakuna anayeumia. Sikuwaza kwamba hapa itakua tofauti.

Siku ya 6. Mbeya kwenda Tukuyu

Stendi ya Nane Nane, Koasta. Konda ananiuliza naenda wapi, namwonyesha simu nimeandika Tukuyu, kaniangalia kwa huruma akanipangia siti ya mbele, na njia nzima alikua ananionyesha vitu kwa mikono akidhani mi bubu. Nimeguswa sana na yule kijana. Uyole, Igawilo, alafu barabara inapanda kwenye ukungu, Isongole, viazi, kabichi, msitu, Kiwira, na ghafla kila kitu ni kijani, migomba, chai, mlima Rungwe umevaa wingu kichwani. Hewa ikabadilika. Ile ya Iringa na Makambako inakausha, hii inalowesha, unaivuta kama kinywaji. Sehemu hii ni kati ya zinazopata mvua nyingi kabisa Tanzania na leo nimeishukuru kila tone.

Ila sasa kufika. Kutoka lami mpaka kwa Bibi ni dakika kama ishirini za kutembea, na ndani ya dakika ishirini hizo nimekutana na watu kumi na mmoja, nimewahesabu, na kati yao wazee watano. Kwetu humpiti mzee bila salamu. Huwezi. Bora upite bila viatu. Mikono nimebeba sanduku na mfuko, nikiona mtu natua mzigo, napiga magoti, nashika kifua, natabasamu, wengine wakaelewa hivyohivyo wakaniombea heri.

Mzee mmoja hakuelewa. Anakaa kwenye benchi nje ya duka, namjua tangu nikiwa mdogo, ndo alikua anatugawia maembe yakitoka Kyela. Nilipiga goti, akasubiri Mugonile, salamu yetu. Akasubiri. Nikaonyesha koo kwa kidole. Akageuza uso akawaambia waliokaa nae, "Wakishaenda Ulaya hata Mugonile inawashinda." Nilikua na daftari kwenye mfuko, nilikua na kalamu, sikufikiria kuandika, nilibeba sanduku langu nikaondoka, na machozi yalitoka mpaka nafika kwa Bibi.

Siku ya 7. Kwa Bibi

Mvua ya manyunyu tangu alfajiri. Bibi yuko jikoni anapika mbalaga, zile ndizi zetu na nyama, moshi umejaa kwaiyo nimekatazwa kuingia, nimekaa kibarazani kwenye kigoda naongea nae kwa daftari. Macho ya Bibi hayasomi tena, kwaiyo kuna mtoto wa binamu yangu yuko darasa la tano ndo msomaji wetu. Naandika, anasoma kwa sauti kama habari ya redio, Bibi anajibu kutoka kwenye moshi.

Nikaandika habari ya mzee wa dukani. Mtoto akasoma. Bibi akanyamaza kidogo alafu akatoka nje na mwiko mkononi akakaa karibu yangu.

Akasema yeye alipoolewa hapa alinyamaza miaka. Mila ya Wanyakyusa wanaijua wakubwa: mkwe wa kike na baba mkwe wake hawasemeshani, hawatazamani. Akisikia baba mkwe anakuja njiani, yeye anaingia migombani na mtungi wake wa maji kichwani, anageuza uso mpaka apite. Jina lake hatamki, na hata neno linalofanana na jina lake analikwepa anatafuta lingine. Akasema, "Nyumba moja, moto mmoja, na sijawahi kumwambia neno. Nilimpikia mpaka anakufa." Na ilikua heshima, wala hakuna aliyekua na chuki na mwenzie.

Nikaandika Orfeo. Kurasa mbili. Mtoto aliisoma yote, majina ya Kiitaliano akayapita kwa ujasiri, alipofika mke anaposema mbona hunitazami akapunguza sauti mwenyewe bila kuambiwa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Huyo mke hakuambiwa kabla ya safari?"

Nikatikisa kichwa, hapana.

"Mimi niliambiwa. Shangazi zangu walinikalisha wakaniambia, utanyamaza, na yeye atanyamaza, na ni hivi na hivi. Na baba mkwe naye alijua. Ndio maana haikuniuma. Huyo mwanamke walimwonea."

Mimi nimeimba Orfeo kwenye miji minne. Nimekaa na waongozaji wenye elimu kubwa tukabishana Orfeo anageuka kwa sababu gani, udhaifu, mapenzi, shaka, wiki sita za mazoezi tunamjadili Orfeo. Sikumbuki hata siku moja tumekaa kujadili kwamba mke alinyimwa habari. Niliandika hilo kwenye daftari ila sikumpa mtoto alisome, nimeliweka langu.

Siku ya 8

Siku tatu zimetimia. Saa tisa mchana nimejaribu, midomo imefungwa, mmm ya chini kabisa, dakika mbili. Ipo. Ina ukungu lakini ipo. Nikaacha hapohapo. Mvua bado.

Siku ya 9. Jumapili

Baada ya ibada mchungaji akaniita mbele. Paa ni la bati bila dari, na kitu nilichokua nakiogopa kuliko koo langu ni mvua, maana mvua ya Rungwe ikishuka kwenye bati hakuna sauti ya binadamu inayoishinda. Haikunyesha. Nilikua nimepanga nyimbo tatu, nimeimba mmoja tu, Orfeo, na nimeushusha toni moja nzima nikauimba nusu ya nguvu. Bibi alikua benchi la pili upande wa kina mama. Sikumtazama mpaka nimalize, kwa kweli niliogopa. Sauti haikua ile ya Iringa, ilikua na ukwaruzo katikati na pale juu niliipita kwa uangalifu kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Lakini kuta zile za matofali zinaipokea sauti na kuirudisha ikiwa na joto, na kanisa zima lilikua kimya kiasi kwamba nilimsikia mtoto anageuka kwenye kanga ya mama yake.

Nilipomaliza nikamtazama. Alikua anazungumza na jirani yake, amemwinamia sikioni, na kwa jinsi mkono wake ulivyokua unakwenda nilijua anamsimulia mke ambaye hakuambiwa.

Mchana sikungoja chakula. Nilichukua barabara ileile kuelekea lami, nikaanza kulipa salamu. Nyumba kwa nyumba, wale kumi na mmoja, niliowapata. Wengine walicheka, wengine walishaambiwa kanisani. Kila mmoja nilimwambia koo lilivyokua na daktari alivyoagiza, na sauti niliitoa kidogokidogo maana bado nilikua naitunza, ila hizi salamu sikuzipunguza.

Mzee wa dukani alikua kwenye benchi lake. Hakuwepo kanisani, yeye ana dhehebu lake. Nilitua mfuko nikapiga goti pale pale kwenye tope.

"Mugonile tata. Shikamoo."

Aliniangalia. Nikamweleza yote, tangu Makambako, upepo, kamera ya daktari, siku tatu, na kwamba nilikua na daftari na sikuandika. Nikamwambia kazi yangu ni sauti na kuna siku inabidi niifungie ndani, na nilitakiwa kumwambia mapema.

Akakaa muda. Pikipiki mbili zikapita. Alafu akasogea upande mmoja wa benchi, akafuta maji ya mvua kwa kiganja pale alipopaacha wazi.

"Marahaba," akasema. "Kaa, mwanangu. Hiyo sauti bado ina baridi."

Nikakaa.